Tulivyochagua Upande wa Kulala Mombasa

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata mwaka wa mahindi ya njano. Aliyezaliwa kwetu atajua mara moja ninasema mwaka gani. Mvua ilikuwa imetukimbia, mbaazi zikakauka zikiwa maua, tukaletewa mahindi ya rangi ya kiini cha yai yanayonuka gunia. Ugali wake ulikuwa unakwama kooni. Watoto walikataa kuuita ugali, wakauita keki, halafu njaa ikawafundisha adabu wakaula bila kuuita chochote. Ukiuliza mahindi haya yametoka wapi, unaambiwa yalikuja na meli yakashukia Mombasa. Kwa hiyo mwaka mzima tulikula chakula kilichopita baharini, na bahari yenyewe hatujaiona.

Halafu mvua ikarudi. Ndengu zikakubali, kunde zikakubali, tukala muthokoi wetu mweupe, mahindi tuliyotwanga wenyewe mpaka maganda yakatoka, na maharagwe ndani, mpaka leso zikaanza kutubana kiunoni. Tumbo likatulia, macho yakaanza kutembea.

Kikundi chetu kilikuwa cha mwethya, yaani akina mama tunaochimbiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mbali na kuchimba tulikuwa tunaezekeana mabati, na nyumba ya mwisho kupata bati ilikuwa yangu. Siku ile bati la mwisho linapigiliwa msumari, vigelegele vikiwa bado hewani, mama mmoja aliyekuwa na duka pale stendi ya Kambu akasema, "Sasa mabati yameisha. Twendeni tukaone bahari."

Tulicheka sana. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu kila mtu alimwangalia mwenzake akaona anamaanisha.

Sisi watu wa barabara ya Mombasa tumekaa maisha yetu yote tukiangalia wengine wakienda baharini. Mabasi yanashuka, mabasi yanapanda, sisi tuko pale pale na vikapu. Mimi nilikuwa nauza machungwa na viondo dirishani. Shule niliionja tu, nikatolewa nikachunge mbuzi. Lakini kusoma watu wanaotoka Mombasa, hapo nilihitimu. Aliyelala mjini nilimjua kwa halua na leso mpya, na macho mekundu ya mtu aliyeumwa na mbu. Ukimuuliza bahari iko namna gani, anasema, "Tuliiona tukipita darajani." Waliolala upande wa kaskazini, kwenye mahoteli makubwa, hao walikuwa wazungu wekundu kama nyama choma ambao hawafungui vioo vya magari yao, kwa hiyo machungwa yangu hawakuyajua. Lakini waliovuka feri wakalala upande wa pili, hao walikuwa na mchanga. Mchanga kwa viatu, mchanga kwa nywele za watoto. Wananunua chungwa huku wanakung'uta ndala zao dirishani, mchanga wote unamwagika juu ya machungwa yangu. Nilikuwa nawatukana, ndiyo. Lakini moyoni nasema, hawa ndio walilala karibu.

Na mimi karibu ndiyo niliyokuwa naitafuta, kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Nilimwita mwaitu, jinsi Mkamba anavyomwita mama yake. Alikuwa mzee, na miguu yake ilikuwa imekwisha kabisa. Kutoka mlangoni kwake mpaka zizini ilikuwa ni safari ya kupumzika njiani. Kwenye paji la uso alikuwa na mfereji. Huo mfereji ulichimbwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi tunaouvalisha kichwani tukibeba maji mgongoni. Maisha yake yote aliyafuata maji. Mto wetu ni wa mchanga, unaonekana mto wiki chache tu, halafu maji yanaingia chini na wewe unayafuata kwa kuchimba. Shimo likikauka unahamia la mbele, kila kiangazi mbele zaidi, mpaka unakutana na watu usiowajua.

Aliposikia tunaenda baharini aliniita akaniambia, "Mke wa mwanangu, hayo maji yasiyokauka nataka niyakanyage. Kwa mguu huu. Sitaki kuonyeshwa kwa kidole nikiwa ndani ya gari kama mtoto anayeonyeshwa ndovu."

Basi nikajua kazi yangu katika safari ile. Wengine walikuwa wanachagua vitanda. Mimi nilikuwa nachagua mahali ambapo mzee huyu anaweza kutoka mlangoni akafika majini bila kubebwa kama gunia.

Kikao chenyewe tulikifanya tukichimba. Ilikuwa zamu ya mwenyekiti wetu, mke wa mwinjilisti, mwanamke safi, leso imepigwa pasi hata siku ya jembe. Tulikuwa tunamchimbia fanya juu, ile mitaro ambayo udongo unaurusha upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. Kwa hiyo maneno yalikuwa yanarushwa pamoja na udongo.

"Tutalala nyumba ya wageni ya kanisa," mwenyekiti akasema. "Iko Changamwe, mume wangu ameshaongea nao. Kuna vitanda, kuna neti, kuna ibada ya jioni, na geti linafungwa mapema."

"Na bahari?" nikauliza.

"Bahari tutapelekwa na basi, tuiangalie vizuri, turudi."

Mama wa duka akaegemea jembe lake. "Aiya! Hiyo ni kwenda kuona mgonjwa hospitali. Saa ya kuona wagonjwa imekwisha, tokeni!"

Tukacheka mpaka udongo ukarudi mtaroni.

"Wewe unataka wapi, mpenda dunia?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mjini kabisa! Kisiwani, karibu na soko. Ukifungua dirisha leso ziko hapo, halua iko hapo, viazi vya karai vinakuita jina lako."

"Unaenda kununua bidhaa za duka."

"Na kama ni hivyo? Kisiwa si kimezungukwa na maji pande zote? Utayakwepea wapi?"

"Mimi nimewauzia machungwa watu waliolala mjini," nikasema. "Bahari waliiona darajani. Wote."

Hapo nikatoa langu. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mwaitu, alikuwa mpishi kwenye nyumba ndogo ndogo za wageni huko Likoni, ukivuka feri. Wazungu walikuwa wamepungua kwa sababu ya mvua za pwani, na mwenye nyumba alikuwa amekubali akina mama wa nyumbani kwa mpishi wake walale humo mpaka wazungu watakaporudi. Shemeji alisema ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga, na ukimaliza mchanga ni maji.

Mwenyekiti akanyooka mgongo. "Feri? Basi zima lipande juu ya kitu kinachoelea, na mimi ndani ya basi? Mimi sikufundishwa kuogelea. Nilifundishwa kuomba."

"Si uombe tukivuka," nikamwambia.

"Na huko upande wa pili wanatembea nusu uchi."

"Akina nani?"

"Wazungu!"

"Utafumba macho, mama mwenyekiti," mama wa duka akasema. "Hayo macho ni yako, hakuna mtu atayashika."

Tulicheka, lakini mwenyekiti hakutaka kushindwa. Akaanza kuhesabia wenzake ubaya wa Likoni: feri inaweza kuharibika tukakwama ng'ambo, ibada hakuna, mbu hakuna ajuaye wako namna gani. Nikaona vichwa vimeanza kutikisika upande wake. Hata mama wa duka akasema heri Changamwe kuliko kuzozana. Ndipo mwenyekiti akageuka akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama mkwe wako atakaa pale getini kwa benchi, apumzike. Sisi tutamletea maji ya bahari kwa chupa."

Kwa chupa!

Kwetu mwethya tunaanza pamoja na tunaacha pamoja. Mmoja akiweka jembe chini, wote wanasimama mpaka ijulikane ana nini. Nililiweka langu chini, nikakaa juu ya udongo wa mwenyekiti, miguu mtaroni, nikasema:

"Mimi silali mahali maji yako mbali. Silali."

Majembe yakasimama. Mtaro ulikuwa nusu. Mbingu za huko Kitui zilikuwa zimeanza kuweka weusi, na mtaro wa nusu mvua ikiukuta ni hasara tupu. Mwenyekiti akaangalia mbingu, akaangalia mtaro, akaniangalia mimi nilivyokaa kama nimepandwa.

"Wewe mwanamke una kichwa cha punda wa maji," akasema.

"Ndiyo."

"Sisi hatujawahi kugawanyika."

"Na hatutagawanyika. Tutalala wote Likoni."

Akapiga ulimi. "Chukua jembe. Tutavuka hiyo feri yako. Lakini nikizama, watoto wangu utalea wewe, na mwinjilisti utampikia wewe."

"Mwinjilisti huyo anavyokula?" mama wa duka akapiga kelele. "Heri uzame na yeye!"

Vigelegele tulivyopiga vilisikika barabarani, na mtaro tukaumaliza kabla tone la kwanza halijaanguka.

Wiki ile hakuna aliyelala vizuri kwa furaha. Tulishona nguo za rangi moja. Tulikaanga chapati za kujaza karai. Tulijaza mitungi maji ya kunywa, kwa sababu tulisikia maji ya huko ni chumvi, na mtu wa kwetu hasafiri kwenda asikojua bila maji. Wakati basi linakuja kutuchukua asubuhi, mwaitu alikuwa ameshakaa nje na kiti chake cha miguu mitatu magotini. Mkobani mwake nikaona mukwa umekunjwa vizuri.

"Mwaitu, huo unaenda kubebea nini?"

"Wewe unajua nitakutana na maji gani?"

Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tulipopita Kambu, wale tuliokuwa tukiuza nao walikuja dirishani wakanichokoza, "Mama, chungwa? Chungwa tamu, mama?" Nikanunua moja, nikalipa kama mtu mkubwa. Sijawahi kula chungwa tamu kama lile, na lilitoka kwenye machungwa yale yale niliyokuwa nauza kila siku.

Feri tuliivuka. Mwenyekiti aliomba macho yakiwa wazi, ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na alipoambiwa tumefika akasema alijua tutafika.

Basi likaingia Likoni, likapita minazi, likasimama mbele ya nyumba ndogo nyeupe. Nilikuwa wa kwanza kushuka. Nilikimbia. Mimi, mwenye watoto wakubwa, nilikimbia nikazunguka ukuta wa nyumba ili nione kile nilichokipigania.

Hakukuwa na bahari.

Kulikuwa na mchanga, halafu mawe meusi, halafu majani yaliyolala kama nywele zilizolowa, halafu vidimbwi vya kuoshea kikombe. Mbali, mbali kabisa, kulikuwa na mstari mweupe kama uzi. Wenzangu wakafika nyuma yangu mmoja mmoja.

Mwenyekiti akaweka mikono kiunoni. "Mwenye kichwa cha punda," akasema, "haya ndiyo maji yaliyo karibu?"

Na mama mmoja nyuma akalia kwa sauti nyembamba, "Imekauka! Hata hii imekauka!"

Usicheke. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye mwaka wa mahindi ya njano. Tulikuwa tumeona mto ukiondoka, kisima kikiondoka, ng'ombe wakiondoka. Kwa nini bahari isiondoke? Na mtu wa kwetu akikuta maji yameondoka, anafanya nini? Anachimba. Hakuna aliyetoa amri. Tulipiga magoti pale pale mchangani, mwingine na mfuniko wa sufuria, mwingine na kifuu cha nazi, mwingine na mikono, tukachimba shimo la duara kama lile la mtoni. Maji yakatoka upesi sana, tukapiga vigelegele. Mama wa duka akachota kwa kiganja, akanywa, akatema mpaka kwa nguo ya mwenyekiti.

"Chumvi tupu! Ngai!"

Shemeji yangu alitoka jikoni na aproni yake, akatukuta tumepiga magoti kuzunguka shimo. Alicheka akashika ukuta. "Mnatafuta nini, mama zangu?"

"Maji yako!" mwenyekiti akamjibu. "Yako wapi?"

"Yametoka. Yatarudi jioni."

"Yatarudi? Tangu lini maji yaliyoondoka yakarudi? Wewe ni Mkamba kweli, ama pwani imekuharibu akili?" Akatugeukia. "Msishushe mizigo. Basi liko hapa bado, na kule kanisani vitanda viko. Tule chapati, twende."

Mstari ule mweupe mwaitu asingeufikia hata kwa siku mbili.

Mwaitu alikuwa ameshushwa na mwanawe huyo mpishi, anakuja polepole akiegemea mkono wake. Alifika, akaangalia ule uwanja wa mawe. Akaangalia shimo letu. Akasema, "Wekeni kiti changu hapo, kando ya shimo."

"Mwaitu, tunaondoka," mwenyekiti akamwambia.

"Nyinyi ondokeni. Mtoto wangu amesema yanarudi. Mimi nimengoja maji mengi zaidi ya haya."

Alikaa. Mimi nikakaa mchangani karibu naye, kwa sababu ningekaa wapi? Wale wengine wakala chapati zao wamesimama mlangoni mwa basi, mizigo juu, wakitutazama kama wafungwa wawili. Jua likasogea. Nikawa naangalia ule uzi mweupe mpaka macho yakanitoka machozi, nikaona umenenepa. Nikadhani ni macho. Nikayapangusa. Ulikuwa umekuwa kamba.

"Yanakuja," mwaitu akasema, kama anayesema mbuzi wanarudi.

Yalikuja! Yalipita kwanza kwenye vidimbwi, yakaviunganisha. Yakameza mawe meusi, moja, lingine, lingine. Majani yale yakaamka yakaanza kucheza. Nikasimama nikaita, "Njooni! Akina mama, njooni muone!" nikipunga leso kama mwendawazimu. Wakaja, kwanza wakitembea, halafu wakikimbia, chapati mikononi. Maji yakaingia kwenye shimo letu, yakalijaza, yakalifuta kana kwamba hatukuchimba. Halafu yakaja mengine nyuma yake, yakapanda na povu, yakapita chini ya miguu mitatu ya kile kiti.

Mwaitu alikuwa ameshavua akala zake za tairi. Aliinyoosha ile miguu yake iliyokwisha, na maji yakafika yakaifunika mpaka vifundoni. Akavuta pumzi. Alitoa mukwa mkobani, akauchovya, akauangalia unavyodondosha maji, akaupa upepo mgongo, akacheka bila meno.

"Leo yamenifuata yenyewe," akasema.

Sijui ni nani aliyeingia kwanza. Najua wote tuliingia na nguo zetu za rangi moja. Mama wa duka alikuwa amekaa ndani ya bahari kama amekaa dukani kwake, anapiga maji kwa viganja. Mwenyekiti alisimama ukingoni akituambia tuwe na heshima, halafu wimbi moja likamkuta, gauni lake likafunguka kama mwavuli, akapiga ukelele ambao hata mwinjilisti hajawahi kuusikia, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa. Mizigo ilishushwa jioni. Wa kwanza kushusha wake alikuwa yeye.

Wajukuu wangu siku hizi wakitaka kwenda pwani wanaandika hoteli mbili tatu, wanabishana ni ipi ina bwawa la kuogelea na ipi ina televisheni. Wanakuja kuniuliza, "Susu, upande gani ni mzuri?" Nawaambia, fungua mlango, utoe mguu. Mguu ukikanyaga nini? Hapo utajua.

Siku zile tulikaa kama watu ambao hawana mashamba. Mwaitu alijua saa za maji kuliko mwanawe. Yakitoka, analala. Yakikaribia, anaamka mwenyewe, anashika kiti chake, anajitembeza, mlango, mchanga, maji, bila mkono wa mtu. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akimngojea huko, na ibada ya jioni ikahamia pale, miguu yote ndani ya maji.

Halafu siku ya kurudi ikafika. Mizigo ilikuwa juu ya basi. Dereva amepiga honi, amepiga tena. Tulikuwa wote tumekaa, na leso za mama wa duka zimejaza viti vya nyuma, lakini kiti cha karibu nami kilikuwa kitupu. Nikashuka. Mwaitu alikuwa mchangani juu ya kiti chake cha miguu mitatu, maji yamemfika vifundoni, mukwa shingoni.

"Mwaitu, twende nyumbani."

Hakugeuka. Wenzangu wakashuka nyuma yangu, mwenyekiti mbele, wakaanza kumbembeleza. Mbuzi wako, mwaitu. Ndengu zako. Nyumba imeezekwa bati jipya, mwaitu, utaiachia nani? Alituacha tumalize. Halafu akaniangalia mimi peke yangu, macho yanacheka, lakini mikono imeshika kiti kwa nguvu kweli kweli, akasema mbele ya kikundi chote:

"Mimi silali mahali maji yako mbali. Silali."